Nani Aliwatuma Askari wa Dhaka?

Usiku wa kuamkia Novemba 7, 1975, ilipotimu saa sita, risasi zilianza kulia katika kambi kuu ya jeshi mjini Dhaka. Hakukuwa na adui aliyevamia. Waliofyatua walikuwa askari wa vyeo vya chini, makoplo, masajini na wale wasio na cheo chochote begani. Walivunja ghala za silaha, wakamtoa jenerali aliyekuwa amefungiwa nyumbani kwake, na kulipopambazuka vifaru na malori yalikuwa yakizunguka mitaani, raia na wanajeshi wamepanda juu yake wakishangilia pamoja. Maofisa kadhaa walikuwa wamekwishavua magwanda na kutafuta pa kujificha.

Nyuma ya usiku ule kulikuwa na Biplobi Shainik Sangstha, yaani Shirika la Askari Wanamapinduzi, chombo cha siri kilichofumwa ndani ya jeshi la taifa changa la Bangladesh na kuongozwa na kanali aliyekwishaacha jeshi, Abu Taher. Leo tarehe hiyo ina majina matatu. Chama cha BNP huiita Siku ya Mapinduzi na Mshikamano wa Taifa. Awami League huiita siku ya mauaji ya wapigania uhuru. JASAD, chama cha kisoshalisti alichokitumikia Taher, huiita siku ya uasi wa askari na umma. Kila jina limekuja na hadithi yake, na hadithi hizo zimerudiwa mpaka zikageuka kuwa historia. Nitazichukua moja baada ya nyingine.

"Askari waliamka wenyewe kwa mapenzi yao kwa Jenerali Zia." Hii ndiyo hadithi iliyotawala kwa miaka mingi, na ina punje ya kweli. Ziaur Rahman, yule jenerali aliyefungiwa nyumbani, alipendwa jeshini. Sauti yake ndiyo iliyosikika kutoka kituo cha redio cha Kalurghat, Chittagong, Machi 1971, ikitangaza uhuru kwa niaba ya Sheikh Mujibur Rahman, mwasisi wa taifa. Na usiku ule si kila aliyebeba bunduki alikuwa mtu wa Taher. Kikosi cha Pili cha Mizinga, ambako Zia alipelekwa baada ya kutolewa kizuizini, kilikuwa kikosi cha mmoja wa wale mameja waliomuua Mujib pamoja na jamaa zake Agosti 15 mwaka huohuo. Wafuasi wa mameja hao nao walikuwa mitaani.

Lakini mapenzi hayapangi saa, wala hayachapishi vipeperushi. Novemba 3 Brigedia Khaled Mosharraf alipindua wale mameja na kumweka Zia kizuizini. Siku tatu zilizofuata, vipeperushi vya askari wanamapinduzi vilipita kutoka bweni moja la kambi hadi jingine, vikao vya siri vikafanyika, na ishara ya kuanza ikakubaliwa. Askari walikuwa na madai 12 yaliyoandikwa. Taher mwenyewe aliieleza mahakama baadaye kwamba Zia, kabla simu yake haijakatwa, alimpigia akimwomba amwokoe. Mtu anayeamini kwamba uasi ule ulizuka wenyewe, basi atueleze kwa nini mwokolewa alijua ampigie nani.

"Ujamaa wao ulikuwa kibandiko, walitaka posho." Dai hili hupendwa na maofisa wastaafu wanaoandika kumbukumbu zao, nami sioni ajabu, maana ndani yake mna dharau ya ofisa kwa askari wake. Msomaji wa Tanzania anaweza kulikubali haraka kwa kuwa anao mfano wa nyumbani. Askari wa kambi ya Colito, Januari 1964, waliwafungia maofisa wa Kiingereza wakidai mishahara mizuri na vyeo kwa Waafrika. Hapakuwa na chama cha siri pale. Ni malalamiko ya kazini yaliyofurika. Dhaka mambo yalikuwa mengine.

Jeshi la Bangladesh lilizaliwa msituni. Mwaka 1971 askari wa Kibengali waliasi jeshi la Pakistan, wakapigana bega kwa bega na wakulima na wanafunzi, wakila chakula kilekile na kulala juu ya majani yaleyale. Taher, ambaye alikuwa amepata mafunzo ya kikomando Marekani, alitoroka Pakistan Julai mwaka huo akaja kuongoza Sekta ya 11 mpakani kaskazini. Novemba 14, siku aliyotimiza miaka 33, kombora lilimkata mguu katika mapigano ya Kamalpur. Vita vilipokwisha, wapiganaji hao walirudishwa kambini, na kambi ilikuwa imejengwa na Mwingereza: ofisa ana mesi yake, ana mtumishi mwenye gwanda wa kumng'arishia viatu, kumfulia na kumpeleka mtoto shule. Askari aliyekuwa kamanda wa kundi la wapiganaji Agosti 1971 akajikuta anapiga pasi suruali ya mtu mwaka uliofuata.

Taher aliliona hilo mapema. Alipopewa Brigedi ya 44 huko Comilla mwaka 1972 aliwapeleka askari na maofisa wake shambani. Walilima chakula chao wenyewe, wakawasaidia wanavijiji, wakaitwa askari wa plau. Hoja yake ilikuwa ya hesabu tu: nchi maskini haiwezi kulisha jeshi linalokaa bure likisubiri vita, kwa hiyo jeshi lizalishe, na likizalisha pamoja na wananchi halitawageuzia mtutu. Anayeijua historia ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1963, ataona kwamba fikra hizo hazikuwa za mwendawazimu. Tofauti ni kwamba JKT ilikuwa sera ya serikali. Dhaka serikali haikuitaka. Mwenzake Taher, Luteni Kanali Ziauddin, aliyekuwa kamanda wa brigedi ya mji mkuu, alichapisha makala gazetini mwaka huohuo akiishutumu serikali, akaondolewa na kuingia msituni kwa mara ya pili. Taher alijiuzulu Septemba 1972. Akapewa kazi ya uraia ya kusimamia mitambo ya kuchimba mchanga wa mito huko Narayanganj, na kutoka hapo, polepole, akaanza kuwakusanya askari.

Sasa tuyatazame yale madai 12. Utumishi wa askari kwa maofisa ufutwe. Chakula na makazi ya ofisa na askari yawe sawa. Maofisa watokane na askari wenyewe kwa uwezo, si kwa mfumo wa kikoloni wa kuchagua watoto wa wenye nacho. Wafungwa wa siasa waachiliwe. Mali za mafisadi zitaifishwe. Na juu ya yote, askari wasitumiwe tena kubadilisha mtawala mmoja kwa mwingine. Mapinduzi yawe kwa ajili ya tabaka la maskini. Yaite ya kitoto ukitaka. Posho siyo.

"Walikuwa vibaraka wa India." Hapa pana kichekesho cha uchungu. JASAD ilianzishwa Oktoba 31, 1972, na vijana waliojitenga na chama cha Mujib, na moja ya hoja zao kubwa ilikuwa kwamba serikali inainamia Delhi mno. Novemba 26, 1975, wakati viongozi wa vuguvugu wakiwa wamekwishakamatwa, kikundi cha vijana wa JASAD, wakiwemo ndugu wa Taher, kilijaribu kumteka balozi wa India mjini Dhaka, Samar Sen. Walinzi walifyatua risasi; wanne katika vijana sita walikufa, mmoja wao akiwa mdogo wake Taher. Kilikuwa kitendo cha kipumbavu, nacho kiliipa serikali sababu zote ilizozihitaji. Ila kibaraka hamteki bwana wake.

Aliyeonewa kwa neno hilo la "kibaraka wa India" ni mtu mwingine kabisa, na waliomwonea ni pamoja na hao hao wanamapinduzi. Novemba 4 maandamano ya kumkumbuka Mujib yalipita Dhaka kuelekea nyumbani kwake Dhanmondi, na mbele yao walikuwemo mama yake Khaled Mosharraf na ndugu yake, mbunge wa Awami League. Habari ikasambaa kambini kwamba Khaled anairudisha India. Vipeperushi vya askari vikalichukua neno hilo na kulipuliza. Khaled alikuwa kamanda wa K-Force katika vita vya ukombozi, alijeruhiwa kichwani na kombora la Wapakistan, na hakuna aliyewahi kuleta ushahidi kwamba aliuza chochote kwa yeyote. Asubuhi ya Novemba 7 aliuawa pamoja na Kanali Huda na Luteni Kanali Haider, wote mashujaa wa 1971. Kwa maelezo mengi, waliowaua walikuwa maofisa wa kikosi kilekile walichokikimbilia kutafuta hifadhi, wala si watu wa Taher. Hata hivyo, aliyemwita mwenzake msaliti mbele ya watu wenye bunduki hawezi kunawa mikono akasema hakufyatua.

Hilo linanileta kwenye dai la damu: kwamba vuguvugu lile lilikuwa la kuchinja maofisa tu. Watetezi wa Taher hulikwepa. Wengine husema mauaji yalifanywa na wahuni, wengine kwamba yalipandikizwa na maadui. Sikubaliani nao. Katika siku zile mbili waliuawa maofisa wapatao kumi na wawili, na hata mke wa ofisa mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wito wa kutaka damu ya maofisa ulipigwa kwa sauti kambini, na waliokuwa wakiupiga walijua wanachosema. Uongozi wa Sangstha haukuamuru mauaji hayo, na madai 12 hayana mstari unaoyataka. Lakini shirika lililokuwa na uwezo wa kuanzisha uasi katika saa moja kwa ishara ya risasi lilishindwa kuwadhibiti watu wake katika saa za pili na za tatu, na kushindwa huko ni sehemu ya hesabu yake. Ninachokataa ni kulifanya hilo kuwa maelezo yote. Maofisa wa Agosti 15 waliua mtoto wa miaka kumi. Novemba 3 wauaji walifunguliwa mlango wa gereza, wakawamaliza viongozi wanne wa nchi ndani ya seli, Tajuddin Ahmad akiwa mmojawao. Hakuna aandikaye kwamba maofisa kwa tabia yao ni wachinjaji. Askari ndiye anayeandikwa hivyo.

Dai la tano linatoka upande wa kushoto, na ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa sababu linasemwa na watu wenye nia njema: "Kila kitu kilikuwa tayari, Zia aliwasaliti."

Twende nyumbani kwa kaka yake Taher, barabara ya Elephant, usiku ule. Mpango ulikuwa askari wamtoe Zia kizuizini na wamlete hapo hapo, nje ya kambi, mikononi mwa uongozi wa mapinduzi. Taher anasubiri, magongo yake ya kutembelea pembeni. Askari wanakuja hatimaye, wakiwa na furaha, lakini hawana Zia. Wamemwacha kambini, kwenye makao ya kikosi cha mizinga, kati ya maofisa wenzake. Basi kiongozi wa mapinduzi akalazimika kupanda gari kumfuata mtu aliyemwokoa. Zia alimkumbatia, akamshukuru kwa kumwokoa, akasema yuko tayari kwa lolote. Kisha akakataa kwenda kuhutubia mkutano wa hadhara kwenye mnara wa mashahidi, akabaki ndani ya kambi. Jioni, kwa simulizi la upande wa Taher, aliyatia sahihi yale madai 12 kwenye kituo cha redio huku askari wamemzunguka. Novemba 8 viongozi wa JASAD waliokuwa jela, Meja Jalil na Abdur Rab, waliachiliwa. Novemba 23 walikamatwa tena. Novemba 24 akakamatwa Taher.

Msaliti ni mtu aliyekuwa mwenzako. Zia hakuwa mwanachama wa Sangstha, hakuwahi kusema yeye ni msoshalisti, na maisha yake yote alikuwa ofisa aliyeamini nidhamu ya ngazi. Taher alimchagua kwa sababu alikuwa na jina, na shirika lenyewe halikuwa na ofisa hata mmoja mwenye uzito ndani ya jeshi. Nguvu yake yote ilikuwa kwa makoplo na masajini. Ni sawa na mvuvi kuazima nahodha kwa vile jahazi ni lake ila hajulikani bandarini: wakifika, kila mtu atamwuliza nahodha.

Upande wa raia nako kulikuwa kutupu. JASAD ilikuwa imevunjwa mifupa tangu Machi 17, 1974, ilipoandamana hadi nyumbani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani na kupigwa risasi; viongozi wake walikuwa gerezani na maelfu ya wafuasi wake walikuwa wamefungwa au kuuawa na kikosi cha usalama cha serikali, Rakkhi Bahini. Mitaa ilijaa watu Novemba 7, kweli, lakini watu wa kushangilia. Hapakuwa na mgomo viwandani, hapakuwa na kamati za mitaa, vijiji vilisikia habari redioni. Taher mwenyewe, inavyoonekana, alisukumwa na matukio: njaa ya 1974, utawala wa chama kimoja wa Mujib mwaka 1975, mauaji ya Agosti, kisha mapinduzi ya Novemba 3. Hayakuwepo matayarisho aliyoyataka, ila askari walikuwa wakimjia wakisema sasa au basi. Alichagua sasa. Kumlaumu Zia peke yake ni kujiondolea kazi ya kuuliza kwa nini mapinduzi yalihitaji jenerali wa kuazima.

Limebaki dai la mwisho, la kisheria, na hili sitalionea haya: "Taher alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa kwa mujibu wa sheria."

Kesi ilifunguliwa Juni 21, 1976, ndani ya Gereza Kuu la Dhaka, mbele ya mahakama maalumu ya sheria ya kijeshi iliyoundwa mwezi huohuo kwa amri. Watuhumiwa walikuwa 33. Mwenyekiti alikuwa Kanali Yusuf Haider. Mawakili waliapishwa kutotoa siri ya yanayosemwa ndani. Mwandishi wa Kimarekani, Lawrence Lifschultz, aliyejaribu kuripoti, alikamatwa na kufukuzwa nchini. Rufaa haikuruhusiwa. Shtaka kubwa lilikuwa kujaribu kuipindua serikali halali, na Taher aliwauliza swali ambalo hawakulijibu: serikali ipi? Ile ya Khaled, ambayo waliokaa madarakani walikuwa wakishangilia kuanguka kwake? Au hii ya sasa, iliyopata kiti kwa uasi uleule anaoshtakiwa nao?

Julai 17 hukumu ilisomwa. Meja Jalil na kaka yake Taher, Abu Yusuf, walipewa kifungo cha maisha. Taher kifo. Ombi la msamaha lilikwenda kwa Rais Sayem, aliyekuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Bangladesh na ambaye kwa taaluma yake alipaswa kuona makosa ya kesi ile kabla hajafika ukurasa wa pili. Alilikataa. Alfajiri ya Julai 21, siku ya nne tangu hukumu, Taher aliamshwa. Waliosimulia saa zake za mwisho wanasema alinyoa ndevu, akajifunga mwenyewe mguu wake wa bandia, akakataa kushikwa mkono.

Kosa aliloshtakiwa nalo halikuwa na adhabu ya kifo. Adhabu ya juu kisheria ilikuwa kifungo cha maisha. Sheria ilirekebishwa ili kuruhusu kifo Julai 31, 1976, siku kumi baada ya mtu kuzikwa.

Mwaka 2010 mjane wake Lutfa na ndugu yake Anwar Hossain walifungua shauri. Machi 22, 2011, Mahakama Kuu ya Bangladesh ilitamka kwamba kesi na hukumu ile vilikuwa haramu tangu mwanzo, na kwamba Taher ahesabiwe mzalendo. Hukumu kamili iliyotolewa 2013 iliita kunyongwa kwake mauaji. Mahakama iliegemea pia kitabu cha Moudud Ahmed, mtu aliyekuwa waziri wa Zia, aliyeandika kwamba uamuzi wa kumnyonga Taher ulikuwa umekwishafanywa kabla ya hukumu. Watetezi wa Zia hujibu kwamba majaji wale walikaa zama za Awami League. Tuseme ndivyo. Tarehe ya Julai 31 haina chama.

Hukumu hiyo ilimrudishia heshima kanali na wenzake waliohukumiwa katika kesi ileile. Askari wa kawaida hawakupata. Oktoba 1977, baada ya uasi mwingine Dhaka uliowahusisha hasa watu wa jeshi la anga, mahakama za kijeshi za Zia zilinyonga mamia ya askari kwa kesi za haraka za siri, na familia nyingi hazikupewa maiti wala kuonyeshwa kaburi. BNP haiwataji kwa kuwa aliyewanyonga ni mwasisi wao. JASAD ina shahidi wake mmoja mwenye jina na picha ukutani. Bangladesh ikifungua mafaili ya 1977, ndipo tutakapoweza kuanza kuzungumza juu ya askari hao kwa haki. Mpaka hapo, anayesimulia Novemba 7 kama ugomvi wa jenerali, brigedia na kanali anasimulia habari ya maofisa.